Tarakimu Sita za Baba Pacha

4 Machi

Shemeji Mama Pacha,

Pole tena. Najua neno hilo umelisikia mpaka limechuja, ila sina jingine. Nilikupigia mara tatu. Dada yako akapokea, akaniambia hutaki simu kwa sasa, mwenye shida aandike. Basi naandika.

Mimi ni yule wa ofisini kwa marehemu, tuliyekaa meza za kutazamana miaka sita. Siku ya mazishi nilikuwa miongoni mwa waliobeba, upande wa kushoto, wenzangu wakanung'unika kwamba urefu wangu unalipindisha jeneza. Baba Pacha angecheka.

Kuna jambo dogo la kikazi. Kwenye simu yake kuna programu inayotoa tarakimu sita, na kila nusu dakika zinabadilika. Tunazihitaji mara moja tu, tufunge mafaili yake vizuri. Ukiiwasha simu na kunisomea, dakika mbili zinatosha. Hakuna haraka. Utakapokuwa tayari.

Wasalimie mabinti.

Shemeji yako,
Mrefu


6 Machi

Shemeji,

Barua yako nimeipata. Niko kwa wazazi wangu, katika chumba kilekile nilicholala nikiwa msichana, na mabinti wananibana mmoja kila upande kana kwamba nitatoroka. Shuleni nimepewa ruhusa mpaka mwisho wa muhula.

Simu yake ninayo. Hospitali walinikabidhi ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na saa, mkanda na kiatu kimoja. Cha pili sijui kiliko. Mfuko sijaufungua. Uko juu ya kabati, na nikiingia chumbani nageuzia uso dirishani. Usinifikirie vibaya, lakini jambo dogo lisilo na haraka linaweza kusubiri, nami naomba lisubiri.

Halafu mimi ni mwalimu wa hisabati, nikisoma kitu natafuta hatua zake. Kufunga mafaili ya mtu aliyekufa kunahitaji vipi simu ya huyohuyo aliyekufa? Hapo kuna hatua umeiruka.

Nami nina swali langu. Siku ile alikuwa likizo. Tulikuwa tunapaka rangi chumba cha mabinti, yeye juu ya ngazi, mimi nimeshika ndoo. Saa nne na kitu simu ikalia. Akatoka nje kuongea, akarudi, akavaa shati juu ya fulana iliyojaa rangi, akaniambia, "Narudi sasa hivi." Saa nane nikapigiwa na hospitali.

Nani alimpigia? Wewe ulikuwa ofisini, utakuwa unajua. Nataka jina tu. Siendi kugombana na mtu.

Mama Pacha


7 Machi

Shemeji,

Umenikamata. Nitakueleza.

Vituo vya afya vinatumia programu yetu kuandikisha wagonjwa na dawa zao. Programu yenyewe haikai ofisini kwetu. Inakaa kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, ndizo tunazoziita wingu. Tukiandika toleo jipya, hakuna mtu anayelipeleka kwa mkono, roboti, yaani programu inayojiendesha yenyewe, ndilo linalolipeleka. Na kabla roboti halijaingia linaulizwa: una ruhusa? Baba Pacha alizoea kusema lile wingu ni kama mlinzi mkali wa getini, hata uwe mwenye nyumba, jina lako kama halimo daftarini utalala nje na pajama zako.

Tangu tarehe 26 Februari roboti linarudishwa getini. Linaandika maneno mawili tu: Ruhusa imekataliwa. Kwanza nilidhani ufunguo wake umekwisha muda, nikatengeneza mwingine. Likakataliwa. Nikadhani orodha ya ruhusa zake imepungukiwa mstari, nikauongeza. Likakataliwa. Nikaanza kusoma kumbukumbu za mfumo mstari kwa mstari, siku tatu, macho yakawa mekundu kama ya mtu aliyekata vitunguu. Ndipo nikaona roboti halikuwa linaingia kwa jina lake. Miaka yote hiyo lilikuwa linaingia kwa jina la Baba Pacha. Idara ya wafanyakazi ilipoletewa cheti cha kifo ilifunga akaunti yake, kama sheria inavyotaka, na geti likajifunga papo hapo.

Kubadilisha jina daftarini kunahitaji akaunti kuu. Nenosiri lake limo kwenye sefu ya ofisi, lakini baada ya nenosiri inataka zile tarakimu sita, na akaunti iliunganishwa na simu yake. Tumewaandikia wenye kompyuta. Wanataka mihuri ya wanasheria, wiki tatu.

Ndiyo hatua niliyoiruka. Bado nasema chukua muda wako.

Kuhusu aliyepiga simu, ofisi ina watu arobaini na kila mmoja alikuwa na namba yake. Kwa kweli sijui.

Mrefu


9 Machi

Kwa Fundi Mkuu wa Mfumo wa Dawa,

Naandika nikiwa msimamizi wa wauguzi katika kituo hiki. Tarehe 5 mwezi huu tulimpokea mtoto wa kike wa miaka miwili, mwenye homa kali na maambukizi kwenye damu. Ana kilo kumi na moja. Mizani ya watoto ilikuwa mbovu saa ile, kwa hiyo muuguzi wa zamu aliacha nafasi ya uzito wazi ili aijaze baadaye. Mfumo wenu haukumzuia. Ulimpa kipimo cha sindano, naye akakiamini, maana ndivyo tulivyofundishwa na watu wenu wenyewe: msihesabu kwa kichwa, mfumo unahesabu.

Leo asubuhi nimerudi kutoka kozi, nikapitia mafaili. Kipimo kile ni cha mtu wa kilo thelathini na moja. Mgonjwa aliyeandikishwa kabla yake ni mvulana wa miaka kumi, kilo thelathini na moja. Mtoto wetu amechomwa dawa ya mwenzake kwa siku nne, karibu mara tatu ya anayostahili. Dawa hii ikizidi huharibu figo na masikio. Tumemhamishia hospitali kubwa saa tano.

Nilipopiga simu kwenu niliambiwa mlitoa tangazo tangu tarehe 2 kwamba tuache mfumo, tutumie karatasi. Nimelitafuta. Mlilituma kwa muuguzi aliyehamishwa kutoka hapa mwaka jana. Jina lake bado limo kwenye orodha yenu. Langu halimo.

Naomba nijibiwe kwa maandishi: kosa mlilijua tangu tarehe 2, kwa nini tarehe 9 bado liko hewani?

Muuguzi Msimamizi


9 Machi, saa kumi jioni

Shemeji,

Nakutumia nakala ya barua niliyopokea leo. Isome kabla hujaendelea na hii yangu.

Nilikudanganya niliposema hakuna haraka. Toleo lililo hewani lina kosa. Uzito ukiachwa wazi, linachukua wa mgonjwa aliyetangulia. Dawa ya kosa hilo ni mstari mmoja, nimeuandika tangu tarehe 2, umekaa hapa tayari. Roboti haliwezi kuupeleka, na hata kulirudisha toleo la zamani kunapita geti lilelile. Nilimwomba mkubwa wetu tuuzime mfumo wote, akasema vituo mia mbili vitalala gizani, tangazo linatosha.

Niliona aibu kukuambia kwamba wiki mbili baada ya mazishi kazi yetu yote inaning'inia kwenye simu ya marehemu. Nikajiambia nikikutisha utafunga mlango kabisa. Nakuomba sasa, kufa na kupona. Niambie saa, nitapiga.

Mrefu


10 Machi

Mrefu,

Kesho saa tatu kamili asubuhi, piga kwenye namba ya baba yangu, hii hapa chini. Simu nimeichaji. Neno la kuifungua ni mwaka waliozaliwa mabinti, sikuhitaji hata kufikiri.

Nitakusomea tarakimu, basi. Usinipe pole na wala usinisalimie.

Simu imewaka tangu mchana. Nimeona alipigiwa mara ya mwisho na nani. Saa nne na dakika kumi na nne, mmeongea dakika nne. Amekuandika "Mrefu Twiga", na picha yako umekenua meno.

Mama Pacha


13 Machi

Mama Pacha,

Sijui kama bado nina haki ya kukuita shemeji.

Kazi imekwisha. Ulisoma mara ya kwanza nikakosea tarakimu moja, ukasoma ya pili, geti likafunguka. Saa tatu na dakika ishirini na mbili ule mstari mmoja ulikuwa hewani. Roboti sasa lina jina lake lenyewe na ruhusa zake chache, na akaunti kuu ina watu watatu. Likabaki jina la Baba Pacha la kufutwa daftarini. Mfumo ukaniuliza: una uhakika? Nililitazama swali hilo tangu saa tano mpaka saa saba, wenzangu wakatoka kwenda kula na wakarudi. Nimelifuta.

Ulitaka jina nikakuficha. Ni mimi.

Ile ruhusa aliyolipatia roboti kwa jina lake ilikuwa inahuishwa kila siku thelathini, na mwenye kuihuisha alikuwa yeye peke yake. Siku ile ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimemwahidi mkubwa toleo jipya kabla ya saa sita. Nikampigia. Akaniambia, "Bwana we, niko juu ya ngazi. Haiwezi kungoja Jumatatu?" Nikamwambia haiwezi. Ingeweza. Hakuna kituo kilichokuwa kinalilia toleo lile. Nilitaka tu mkubwa aone nimetimiza.

Alikuja vifungo vya shati vimepishana na rangi ya maziwa kwenye sikio. Akakaa, akahuisha ruhusa, kabla hajabonyeza akanigeukia: "Hii kazi umeikagua?" Nikasema nimeikagua. Sikujaribu hata mara moja kuacha uzito wazi. Akabonyeza. Alama zote zikawa kijani, akanipiga begani. Aliposimama alisema mkono wa kushoto mzito, ni kupaka rangi huko, uzee umeanza. Akafika kwenye dumu la maji ya kunywa, akaanguka.

Tulimshusha ghorofa nne kwa ngazi, lifti ilikuwa mbovu. Kiatu chake cha pili kilimvuka kwenye ngazi. Ninacho mimi, kwenye droo. Kila siku nasema nitakileta.

Umeshaingia kwenye simu yake, kwa hiyo utaona na haya: Agosti aliniandikia tulipatie roboti jina lake lenyewe, tusitumie la kwake yeye. Akarudia Novemba, akarudia Januari. Mara zote tatu nilimjibu, "Wiki ijayo, kaka." Tarehe 7 nilipokuandikia kana kwamba jina hilo nimeligundua kwenye kumbukumbu, nilikuwa naficha kwamba nilishaambiwa.

Lile toleo alilokuja kulipitisha ndilo lililomdhuru yule mtoto. Mwandishi wake ni mimi.

Mrefu


22 Machi

Mrefu,

Nimeichukua barua yako nikaiweka chini, nikaichukua tena, hivyo hivyo siku tisa. Mara ya kwanza nilisoma nikatoka uani nikafua nguo ambazo zilikuwa safi.

Nilikuchukia. Hilo nalisema kwanza ili lisibaki tumboni. Nilikaa nikahesabu: asingepigiwa, asingetoka; na kama asingetoka, ngazi ile tungeishusha pamoja saa saba na tungekula. Hesabu yangu ilikuwa imenyooka, kila hatua ipo, na jibu ni wewe. Niliifurahia siku tano nzima.

Halafu mama yangu akaniuliza, hivi daktari aliyesema ni moyo uliomuua, alisema ulikuwa mgonjwa tangu lini? Nikatafuta kwenye simu yake. Kuna ujumbe wa kliniki ya moyo, wa Oktoba, wa Desemba, wa Januari. Wanamkumbusha miadi. Hakwenda hata mmoja, na mimi niliyelala naye kitanda kimoja sikuambiwa. Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa na hatua zilizorukwa, na wa kwanza kuruka alikuwa mwenyewe.

Sasa ya kwangu. Nilikuandikia kwamba aliniambia "Narudi sasa hivi." Ni kweli alisema. Sikukuandikia nilichomjibu. Nilikuwa nimeshika ndoo, mkono unaniuma, likizo yake ya kwanza baada ya miaka miwili, na siku ya tatu tu mmemwita. Nikamwambia, "Ukitoka kwenda huko, usirudi." Mabinti walikuwa mlangoni. Mmoja akacheka, alidhani ni mzaha. Yeye hakucheka. Akatoka.

Ndiyo sababu mfuko ule ulikaa juu ya kabati. Niliogopa kwamba njiani aliniandikia kitu. Jibu la hasira au la msamaha, yote niliyaogopa. Tarehe 10 nilipoiwasha nilitafuta kila mahali, hata zile zisizotumwa. Hakuna. Hakuniandikia neno. Alipowasili alikwenda moja kwa moja kwenye kazi yenu.

Na kuna kibaya zaidi, na sijamwambia mtu. Ulipoandika tarehe 7, sikuelewa yote ya roboti na wingu, lakini nilielewa vizuri kwamba mmekwama na mimi ndiye nimeshika ufunguo. Nilifurahi. Nikasema wacha nao wagonge mlango usiofunguliwa. Usiku ule mtoto alikuwa amechomwa sindano za siku tatu. Ungeniambia ukweli tarehe 4 ningekusomea tarehe 4, naapa. Lakini tarehe 7 uliniambia nusu, na nusu ile ingemtosha mtu mwema kuinuka kwenda kabatini. Mimi sikuinuka.

Mtoto yuko wapi? Yu hai? Hilo ndilo ninalotaka unijibu. Hayo mengine hayana jibu.

Mama Pacha


25 Machi

Shemeji,

Yu hai. Figo zimerudi kufanya kazi, na homa na maambukizi ya damu vimekwisha. Masikio hayakurudi. Daktari wa masikio alimpima Jumatatu: la kulia halisikii kitu, la kushoto linasikia mlango ukibamizwa, basi. Muuguzi Msimamizi ndiye anayenipa habari, kwa sentensi fupi. Ananiambia mtoto alikuwa ameanza kuunganisha maneno. Alikuwa anasema "nataka ile". Sasa anaanza kuyaacha.

Ofisini imeandikwa ripoti ya kurasa kumi na nne. Nimeisoma yote. Inasema "hitilafu ya ruhusa katika mfumo wa kiotomatiki". Jina langu halimo. La Baba Pacha limo mara tisa. Imeandikwa kwamba marehemu alitumia akaunti yake binafsi kinyume cha utaratibu, na hivyo ndivyo itakavyosomwa na kila atakayekuja. Niliongeza ukurasa wa kumi na tano, nikaambatisha barua zake za Agosti, Novemba na Januari pamoja na majibu yangu. Mkubwa akaniita, akaniambia, "Kijana, mfu haadhibiwi. Kwa nini unataka uadhibiwe wewe?" Nikamwambia ana mke na mabinti wawili watakaoisoma hiyo siku moja. Akaurarua mbele yangu. Nikatoka, nikautuma kwa watu wote arobaini na kwa Muuguzi Msimamizi. Tangu juzi nimesimamishwa kazi, kadi yangu ya mlangoni haifanyi kazi tena.

Mama wa mtoto anauza nguo za mitumba karibu na hospitali. Kaambiwa ni bahati mbaya, dawa humkataa mtu. Jumamosi nakwenda kumweleza. Muuguzi amekubali kuwepo. Sijui nitaanzia wapi. Nimejaribu kuandika nitakachosema na kila mara naanzia kwenye roboti, na nikifika kwenye roboti najiona nakimbia.

Kiatu nimekifunga kwenye karatasi, nitakipeleka kwa dada yako.

Mrefu


27 Machi

Shemeji,

Ule ukurasa wa kumi na tano umenifikia. Mmoja wa wale arobaini alinitumia, hakuweka jina lake. Nimeuchapisha na kuuweka pamoja na cheti cha kifo na vyeti vya mabinti. Ahsante. Sijakusamehe bado, nami sikuombi unisamehe, tusiharakishane.

Mtu anayeuza nguo mezani ana haki ya kuambiwa kwa Kiswahili kilichonyooka. Usianze na roboti. Anza hivi: mtoto wako alipewa dawa ya mtoto mwingine, na tulikuwa tunajua kosa lipo. Kisha nyamaza, mwache aulize. Atauliza kwa nini halikurekebishwa. Hapo utaanza kumweleza habari za simu, na utaeleza upande wako mpaka tarehe 4, halafu utakwama, kwa sababu kutoka hapo simu haikuwa kwako.

Jumamosi saa mbili nitakuwa kituo cha basi cha hospitali, upande wa famasi. Mabinti nawaacha kwa mama. Nimewaambia ninakwenda wapi na kwa nini, mmoja wao ameuliza kama huyo mama atanipiga, nikamwambia labda.

Njiani kama huna la kusema tusisemezane. Tukifika, wewe utasema ya kwako na mimi nitasema ya kwangu, mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Akitufukuza tutaondoka. Akitaka turudi, tutarudi.

Mama Pacha